Somo la Wadudu Wasioonekana

Mwaka 1893 benki nyingi za Marekani zilianguka, makampuni ya reli yakafilisika, na watu wengi mno wakakosa kazi. Katika jiji la New York jambo moja liliwashtua matajiri waliokuwa wakitoa misaada: miongoni mwa waliopanga foleni kuomba chakula walikuwamo watu wa shamba. Walikuwa wameyaacha mashamba yao yasiyowalipa, wakaja mjini kutafuta vibarua ambavyo havikuwapo. Ikaundwa kamati ya kutafuta namna ya kuinua kilimo cha jimbo. Kamati hiyo ilifikia uamuzi ambao hata leo ungemfanya mtu wa Hazina atikise kichwa. Iliona kwamba dawa mojawapo ianzie katika shule za vijijini, kwa kuwafundisha watoto wadogo kuvitazama viumbe vilivyowazunguka. Mtoto akiizoea na kuipenda ardhi yake, walifikiri, hataikimbia akikua.

Kazi hiyo iliwaangukia watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoko katika mji wa Ithaca. Mkubwa wao alikuwa Liberty Hyde Bailey, bingwa wa kilimo cha bustani, lakini aliyelitia somo hilo uhai ni mwanamke, Anna Botsford Comstock. Alizaliwa mwaka 1854 huko Otto, mashambani, binti wa mkulima. Alisoma Cornell, akaolewa na mwalimu wake wa elimu ya wadudu, John Henry Comstock, kisha akajifunza kuchonga picha katika mbao ili vitabu vya mumewe vipate michoro iliyo sahihi. Jambo hili la kuchonga si dogo. Mtu aliyewahi kuuchonga mguu wa nyuki, unywele kwa unywele, hawezi tena kumridhia mwanafunzi anayesema kwamba mdudu ana miguu sita, basi, kisha akakaa.

Somo lilijaribiwa kwanza katika shule za wilaya ya Westchester. Halafu Cornell ikaanza kuwapelekea walimu vijarida, na watoto wakaundiwa vyama vyao. Mlezi wa vyama hivyo alikuwa mkulima wa matunda, John W. Spencer, ambaye watoto walimwita Mjomba John. Ada ya uanachama haikuwa senti. Mtoto alilipa kwa barua, amwandikie Mjomba John alichokiona mwenyewe. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijasikia ada nyingine iliyotungwa kwa akili kama hiyo.

Hapo ndipo ulipojitokeza ugumu ambao sisi wa nchi za joto hatuuoni mara moja. Kule kwao mwaka wa masomo huanza vuli na kwisha mwanzoni mwa kiangazi. Kiangazi chenyewe, wakati mashamba yanapojaa vipepeo, panzi na mbawakavu, shule zimefungwa na watoto wa wakulima wako kazini. Sehemu kubwa ya masomo huangukia katika miezi ya Novemba hadi Machi, maziwa yakiwa yameganda na theluji imefunika kila kitu. Mwalimu wa kijijini akiambiwa afundishe wadudu, atafundisha wadudu gani? Angeweza kufungua kitabu, akasoma, watoto wakanakili. Bibi Comstock hakutaka hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba wadudu hawajaondoka, wamo humo humo, na kwamba majira yasiyo na mdudu anayeonekana ndiyo majira mazuri ya kumfundisha mtoto kutafuta.

Chukua mfano ambao walimu wa kule wameupenda kuliko yote. Kuna gugu refu lenye maua ya njano liitwalo goldenrod, linaloota kando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa. Wakati wa baridi hubaki mashina yake makavu, yamesimama juu ya theluji. Baadhi ya mashina hayo yana uvimbe wa duara, mkubwa kama ndimu ndogo, kana kwamba shina limemeza gololi. Watoto wote wameuona uvimbe huo maisha yao yote wasiulize. Mwalimu anawapeleka nje dakika chache, kila mtoto anakata shina lake, wanarudi darasani karibu na jiko la kuni, na uvimbe unapasuliwa kwa kisu. Ndani, katikati kabisa, kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba kuna buu mnene mweupe. Huyo ni mtoto wa inzi. Mama yake alitaga yai katika chipukizi mwanzoni mwa msimu, buu akatoboa akaingia, na mmea wenyewe ukamjengea nyumba kwa kuvimba pale alipo.

Watoto wakitazama vizuri wataona zaidi. Kutoka katika kile chumba kuna njia nyembamba inayoelekea nje, lakini haitokei nje. Inaishia kwenye ganda la shina, imebaki ngozi tupu. Kwa nini mdudu achimbe njia asiimalize? Kwa sababu inzi mzima hana meno ya kutafunia. Buu ndiye mwenye uwezo wa kuchimba, naye huchimba vuli, kabla ya kulala, kwa ajili ya inzi atakayekuwa baadaye. Majira ya kuchipua yakifika, inzi hupita katika njia hiyo, huvimbisha kifuko kilichopo kichwani pake, huisukuma ile ngozi ikapasuka, akatoka. Ukitaka kumfundisha mtoto wa miaka kumi maana ya kujiandaa, sijui utapata wapi mfano ulio bora kuliko huo, tena bila kutamka neno lenyewe.

Si kila uvimbe wenye buu. Mwingine utakutwa umetobolewa tundu nadhifu lenye umbo la faneli. Hiyo ni kazi ya kigong'ota mdogo aliyeigundua ile njia na kumtoa buu kama mtu atoavyo ubongo wa mfupa. Mwingine umechakuliwa hovyo, kingo zimeparuka. Huyo ni ndege mwingine mdogo, asiye na ufundi wa kigong'ota. Mwingine hauna tundu lolote, lakini ndani badala ya mtoto wa inzi yumo mtoto wa nyigu, aliyemla mwenye nyumba akalala kitandani pake. Mashina ishirini yaliyokatwa katika uwanja mmoja yanaweza kuwa na visa vinne au vitano tofauti, na mwalimu hawezi kujua kabla ni mtoto yupi atapasua kisa kipi. Darasa la namna hiyo halina jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu.

Tena kuna swali la baridi yenyewe. Buu amelala ndani ya shina kavu, hana moto, hana manyoya, na nje ni nyuzi ishirini au thelathini chini ya sifuri. Haponi kwa kukwepa kuganda. Anaganda kweli. Maji yaliyo nje ya chembechembe za mwili wake huwa barafu, lakini zile chembechembe zenyewe hazipasuki, kwa sababu tangu vuli mwili wake umekuwa ukitengeneza gliserini na aina ya sukari vinavyozilinda. Ni gliserini ile ile tunayopaka midomo ikipasuka wakati wa kipupwe. Bibi Comstock hakulijua hilo. Wanasayansi walianza kulieleza suala la gliserini katika miili ya wadudu mwishoni mwa miaka ya 1950, naye alikwisha fariki tangu mwaka 1930. Lakini watoto wake walikwisha kukutana na swali.

Kisa cha pili ni cha nondo aitwaye cecropia, mkubwa kuliko nondo wote wa Marekani Kaskazini, ambaye mabawa yake yakitandazwa yanafika upana wa kiganja cha mtu mzima au zaidi. Kiwavi wake hujisokotea kifukofuko cha hariri, akakifunga kwa urefu kwenye kijiti, na humo hupitisha baridi yote akiwa pupa. Kifukofuko hicho kina tabaka mbili, na kati yake kuna hewa, kama vile blanketi mbili zilivyo bora kuliko moja nene. Majani ya mti yakiisha pukutika, mtoto mwenye macho hukiona. Kuleta kifukofuko darasani na kusubiri nondo atoke ikawa desturi ya shule nyingi.

Walimu waligundua jambo la ajabu. Kifukofuko kilichookotwa mwanzoni mwa baridi na kuwekwa ndani penye joto kilikaa tu, miezi ikapita. Kile kilichoachwa nje mpaka baridi iishe, ndicho kilichotoa nondo upesi kilipoingizwa ndani. Kwa akili ya kawaida ingekuwa kinyume chake. Katika miaka ya 1940, Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard alilichunguza jambo hilo kwa nondo huyo huyo, akaonyesha kwamba ubongo wa pupa unahitaji kupitia majuma kadhaa ya baridi ndipo uamke na kutoa amri ya kukua. Alichukua ubongo wa pupa aliyepitia baridi, akaupandikiza kwa pupa ambaye hajaipitia, na yule wa pili akaanza kukua. Maana yake baridi kwa mdudu huyu si adui tu wa kuvumiliwa. Ni ufunguo pia. Nikiwasimulia wanachuo kisa hiki walikuwa wakinyamaza kidogo, kisha mmoja atauliza: na huku kwetu kusiko na theluji, ufunguo ni nini? Nitalirudia swali hilo.

Mwaka 1911 Bibi Comstock aliyakusanya masomo yake katika kitabu kimoja kikubwa, Handbook of Nature Study, chenye kurasa zaidi ya 900. Mumewe alipiga hesabu akaona watapata hasara. Kitabu kikawa ndicho kilichouzwa kuliko vingine vyote vya kampuni yao, kikachapwa tena na tena, kikatafsiriwa katika lugha kadhaa. Nakala niliyoisoma mimi ilikuwa katika maktaba ya chuo nilichosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jalada limeliwa na mende, na hakuna aliyejua iliachwa na nani. Kilichonivutia kwanza hakikuwa wadudu. Kilikuwa ni mpangilio. Kila somo lina maelezo ya mwalimu, kisha maswali ya watoto, moja, mbili, tatu, hadi kumi na zaidi, na maswali hayo hayana majibu. Uvimbe uko juu au chini ya shina? Je, yote iko kimo kimoja? Kuna tundu? Nani alilitoboa, na unajuaje? Mtoto hawezi kuyajibu bila kuwa na kitu chenyewe mkononi. Na mwalimu anashauriwa humo waziwazi kwamba akiulizwa asilolijua aseme kuwa hajui, kisha watafute pamoja. Kwa sisi tuliolelewa katika shule ambako mwalimu kutojua ilikuwa aibu ya kufichwa kwa fimbo, ukurasa ule ulikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Yeye mwenyewe alilipwa nini na chuo chake? Mwishoni mwa miaka ya 1890 alipewa cheo cha profesa msaidizi, mwanamke wa kwanza kufikia ngazi ya uprofesa hapo Cornell. Baadhi ya wadhamini wa chuo walipinga mwanamke kuitwa profesa, naye akashushwa kuwa mhadhiri. Akaendelea kufundisha. Cheo kilirudishwa mwaka 1913, na uprofesa kamili aliupata mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 65.

Mwaka huo huo wa 1920 sensa ya Marekani ilionyesha, kwa mara ya kwanza, kwamba wakazi wa mijini wamewazidi wa mashambani. Kwa hiyo lile lengo la kamati ya mwaka 1893, la kuwazuia vijana wasiende mjini, halikufanikiwa hata kidogo. Mimi naona ni heri. Somo lililoanzishwa ili kumfunga mtoto mahali pamoja lilikuwa limepata mwalimu aliyelipeleka pengine, na watoto waliokwenda mjini walikwenda na macho yao.

Nimeieleza historia hiyo kwa kirefu kwa sababu somo hili lilivuka bahari likaja kwetu, na safari yake ilikuwa na mkono mwingine. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kulikuwa na shule za watu weusi waliotoka utumwani, maarufu kati yao Hampton, iliyofunguliwa mwaka 1868, na Tuskegee, iliyofunguliwa mwaka 1881. Huko nako masomo ya viumbe yalifundishwa. George Washington Carver, aliyefika Tuskegee mwaka 1896, aliandika vijarida vyake mwenyewe vya kuwaongoza walimu wa vijijini watembee na watoto wakitazama mimea na wadudu. Lakini juu ya shule hizo kulikuwa na fikra kwamba elimu ya mtu mweusi iwe ya mikono kwanza, na mikono yenyewe iwe shambani. Mwalimu mmoja wa Hampton, Thomas Jesse Jones, alitoa mwaka 1917 ripoti kubwa kuhusu elimu ya watu weusi yenye mwelekeo huo, na W. E. B. Du Bois akaipinga kwa ukali.

Jones huyo ndiye aliyeongoza Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, akifuatana na Dk. Aggrey wa Gold Coast. Walipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walipendekeza elimu iendane na maisha ya kijijini: afya, kilimo, ufundi, maisha ya nyumbani. Kwenye karatasi hakuna neno baya humo. Mwaka 1925 ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule ya kuwafunza walimu wasimamizi wa shule za vijijini kwa mfano wa kusini mwa Marekani. Serikali ya Uingereza nayo ikatoa waraka wake wa sera mwaka huo huo. Somo la maumbile likaingia katika mihutasari ya shule zetu.

Lakini lilipofika kwa mtoto lilikuwa limekwisha badilika sura. Wazee wetu waliosoma miaka ya 1930 na 1940 ukiwauliza walifundishwa nini katika somo hilo, watakuambia: bustani. Kulima matuta, kumwagilia, kung'oa magugu. Mtoto wa Ithaca alipewa kisu apasue uvimbe atazame. Mtoto wa Tanganyika alipewa jembe. Wote wawili wameinama juu ya kitu kimoja, lakini mmoja anatafuta na mwingine anatimiza amri. Sisemi kulima ni kazi duni. Mimi ni mtoto wa mkulima, na nilipostaafu nilirudi kwenye jembe. Nasema kwamba kulima si kutazama, na kwamba mtoto wetu alikwisha kujua kulima kabla hajafika shuleni. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza maswali yasiyo na majibu.

Baada ya uhuru, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kulivunja jambo hilo. Anayeusoma waraka wa Mwalimu Nyerere ataona kwamba alitaka wanafunzi wa shule washiriki kupanga, kujaribu na kuamua juu ya shamba lao, wala si kutumikishwa. Katika shule nyingi lilibaki jembe, upangaji ukawa wa mwalimu wa zamu.

Wakati huo huo, upande wa pili, palikuwa na jaribio ambalo leo wachache wanalikumbuka. Wasomi wa Afrika na Marekani walikutana mwaka 1961 huko Massachusetts, na kutokana na mikutano hiyo tukapata hisabati ya Entebbe, ambayo wenzangu wa rika langu hawajaisahau, kwa mema au kwa mabaya. Mwaka 1965 walikutana Kano, Nigeria, ukaanza mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Mojawapo ya vijitabu vyake kilihusu kitukutuku, ambaye wengine humwita fukufuku, yule mdudu anayechimba shimo la faneli mchangani na kumngoja sisimizi ateleze. Ni mdudu wa ukame hasa, utampata chini ya upenu wa nyumba mvua zikiisha. Kijitabu hakikumwambia mwalimu aeleze habari za kitukutuku. Kilimwambia amwulize kitukutuku mwenyewe. Atachimba katika mchanga mbichi? Atachimba gizani? Akipewa kokoto atafanyaje? Eleanor Duckworth, aliyeupima mpango huo nchini Kenya, alikuta kwamba watoto waliosoma kwa njia hiyo, wakiachwa na vitu mezani, walibuni kazi nyingi zaidi na zilizo ngumu zaidi kuliko wenzao.

Kwetu Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto aingie shule kufikia mwaka 1977. Lilikuwa azimio la haki, na sitaki kulisema vibaya. Watoto waliingia kwa wingi, madarasa yakafurika, na vijana wakafunzwa ualimu huko huko vijijini wakiwa kazini. Mwalimu mmoja mbele ya watoto tisini hapeleki mtu nje kutafuta vitukutuku. Anaandika ubaoni. Vile vijitabu vikaenda pale vinapokwenda vitabu visivyotoka katika mtihani.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanachuo. Ufunguo wetu ni nini, tusio na theluji? Chuo nilichokuja kukiongoza kiko katika nyanda za juu kusini, mahali ambapo mwezi wa Juni na Julai asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Mahindi yamevunwa, mabua yamesimama makavu. Kila mkulima wa kule anamjua bungua, kiwavi anayetoboa shina la mhindi, na kila mtoto aliyesoma somo la kilimo anaijua amri: mabua yachomwe. Niliwauliza wanachuo wa mwaka wa kwanza, wengi wao watoto wa wakulima, ni nani aliyewahi kupasua bua kavu mwezi wa Julai akatazama ndani. Walicheka. Hakuna.

Tulipasua. Chini, karibu na mizizi, tulimkuta bungua amelala, mnene, amefifia rangi, hali chochote. Viwavi wa aina hii hukaa hivyo miezi mingi, mpaka mvua. Na wakapata kile nilichokuwa nikikiombea kimoyomoyo: katika bua moja, njia iliyochimbwa kutoka ndani hadi kwenye ganda, ikaishia hapo, imebaki ngozi nyembamba kama dirisha la karatasi. Nondo hana meno. Kiwavi amemwandalia mlango kabla hajalala, kama vile inzi wa goldenrod, bahari nzima ikiwa kati yao. Mimi nililijua hilo kwa kusoma. Wao walilijua kwa kidole, na binti mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa ya darasa alikaa nalo bua lile mapajani kipindi kizima.

Tulifunga mabua katika mikebe miwili. Mmoja tuliuacha mkavu, wa pili tukaunyunyizia maji kila jioni. Watafiti wa kituo cha wadudu cha Nairobi, kile alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wameonyesha kwamba ni maji yanayomgusa bungua na yale anayoyanywa ndiyo yanayomwamsha. Baridi ya cecropia na mvua ya bungua zinafanya kazi moja. Hata kabla majuma hayajaenda mbali, wale wa mkebe wenye maji walianza kugeuka pupa.

Kilichofuata sikukipanga. Huko chini mabondeni watu hulima vinyungu, na mahindi huwa mabichi hata wakati wa ukame. Vijana wawili walirudi kutoka huko na bua bichi, na ndani yake, kando ya kiwavi aliyenyauka, kulikuwa na rundo la vitu vyeupe mithili ya punje za mchele. Wengi walisema ni mayai ya bungua, tuyachome. Binti wa nyuma alisema mayai hayawezi kuwa na nyuzi. Yakawekwa katika chupa, mdomo ukafungwa kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili. Baada ya siku chache chupa ilijaa nyigu weusi wadogo mno, kila mmoja si mkubwa kuliko herufi ya gazeti. Walikuwa wamemla kiwavi kutoka ndani.

Habari ilimfikia mkufunzi wa kilimo, mtu makini, aliyekuwa amekwisha kupanga Jumamosi ile mabua yote ya shamba la chuo yachomwe. Alikuja darasani kwangu, akaitazama chupa kwa muda, akauliza kama nyigu hao wamo pia katika mabua makavu. Hatukuwa na jibu. Nusu ya wanachuo wakasema kuchoma kunamwua bungua pamoja na adui yake, kwa hiyo bora mabua yalazwe juani bungua akauke. Nusu nyingine wakasema njaa haingoji nyigu. Yeye mwenyewe hakuwa upande wowote. Alitaka kujua ni mabua mangapi tuliyopasua, na kama tuliandika yalitoka sehemu ipi ya shamba. Tulikuwa tumeandika. Akavua koti, akaomba kisu, na kengele ya chakula ilipolia walikuwa bado wanapasua, wanahesabu na kubishana.